Kati ya Ukuta wa Mwisho na Mti wa Kwanza

Msitu unaopakana na mji huanza kufa pembeni. Mwenye shoka au msumeno husikika, huonekana, na mara nyingine hukamatwa. Anayemwaga majani ya bustani nyuma ya ukuta, anayetoboa kijilango cha kwendea kuokota kuni, anayechoma taka jioni ya Septemba, anayeelekeza maji ya bati lake bondeni, huyo hakuna anayemhesabu kuwa mharibifu. Ni jirani mwema, anafagia uwanja wake kila asubuhi. Lakini zikikaa kaya mia mbili za namna hiyo kwenye mpaka mmoja kwa miaka kumi, msitu utakuwa umerudi nyuma bila mtu yeyote kuukata.

Nazungumza hasa na watu wanaojenga kuelekea Hifadhi ya Msitu wa Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi. Hifadhi hiyo ina zaidi ya hekta 7,000 na iko kiasi cha kilomita 20 tu kusini-magharibi mwa katikati ya Dar es Salaam. Ndani yake yumo komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku aliyewahi kutajwa katika orodha ya wanyama 25 wa ukoo wa nyani, kima na komba walio hatarini zaidi duniani. Umo pia mti wa Baphia puguensis, uliopewa jina la vilima vyenyewe. Zamani mikorosho, miembe na mihogo ya watu ilikaa kati ya msitu na jiji. Sasa Chanika, Buyuni, Pugu na Kisarawe zinajaa nyumba, na kila mwaka ukuta wa mwisho unasogea karibu na mti wa kwanza. Yatakayofuata yanamhusu mwenye kiwanja, mwenyekiti wa mtaa, na kijana aliyejiunga na kikundi cha mazingira akakosa pa kuanzia.

Kwanza tuelewane kwa nini pembeni pana uzito kiasi hiki. Mti uliokulia katikati ya msitu umezoea kivuli, unyevu na hewa iliyotulia. Upande mmoja ukifunguliwa, jua na upepo huingia kwa ubavu, udongo hukauka, matawi huvunjika, na mimea inayopenda mwanga hukimbilia nafasi. Karibu na Manaus, Brazil, upo utafiti ulioanzishwa na Thomas Lovejoy mwaka 1979 kufuatilia vipande vya msitu vilivyoachwa katikati ya malisho. Ulionyesha kwamba miti iliyo ndani ya mita 100 hivi kutoka ukingoni hufa kwa wingi kuliko ya katikati, na kwamba upepo huumiza hata mbali zaidi ya hapo. Msitu wa pwani yetu ni mkavu kuliko ule, kwa hiyo vipimo havitafanana, ila hesabu yake inatuhusu. Chukua msitu wa kilomita moja kwa kilomita moja, yaani hekta 100. Ukitoa ukanda wa mita 100 pande zote, unabaki na hekta 64 za msitu wa ndani. Chukua wa mita 400 kwa 400, hekta 16: unabaki na hekta 4 tu. Kwa hiyo kiwanja kimoja kinachochomoza ndani ya mpaka hula eneo lake, kisha huharibu na lililokizunguka.

Ujue mpaka kabla ya kununua tofali

Migogoro mingi ya mpakani huanzia kwa dalali. Mnunuzi huonyeshwa eneo wakati wa kiangazi, vichaka vimefyekwa, mwembe mmoja umetajwa kuwa alama, na karatasi ya mauziano imegongwa muhuri. Muhuri wa ofisi ya mtaa unathibitisha kwamba watu wawili wameuziana mbele ya mashahidi. Hauwezi kuhamisha mpaka wa hifadhi. Kabla hujatoa fedha, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uombe kuona mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kisha nenda kwa mhifadhi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, umwombe akuonyeshe bikoni zilizo karibu. Safari hizo tatu ni gharama ndogo. Nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ni akiba ya maisha yote inayoweza kuvunjwa asubuhi moja.

Wapo wanaoniuliza kuhusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwenye kingo za mito na maziwa, na kwenye mabwawa. Kifungu hicho kinazungumzia maji. Usidhani kimekupimia umbali wako na msitu, na wala usikubali kuambiwa kwamba maadamu mto hauko karibu basi unaruhusiwa kujenga popote. Kwenye msitu wa hifadhi, neno la mwanzo na la mwisho ni bikoni na ramani iliyotangazwa.

Mkiwa tayari mnaishi hapo, tembeeni mpaka pamoja angalau mara moja kwa mwaka: mhifadhi, mtendaji, wajumbe wa mashina, na wenye viwanja vya mstari wa mwisho. Kila bikoni ifukuliwe kwenye nyasi na kupakwa rangi, iliyong'olewa iandikwe na kuripotiwa. Simu ya mkononi itawasaidia kurekodi mlikopita, lakini hata penye anga wazi hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti hukosea zaidi. Msigombane juu ya hatua tatu kwa kutegemea simu. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi mwenye vifaa vyake. Misitu mingi ya Tanzania imepandwa mistari ya mitiki au mijohoro mpakani, na ingawa si miti ya asili ya hapa, mstari wake ulionyooka huonekana kutoka mbali na ni mgumu kuuhamisha usiku.

Barabara iwe kati

Mkiniuliza jambo moja lenye faida kuliko yote, nitasema: msikubali viwanja vigusane na msitu kwa mgongo. Nyumba ikiupa msitu mgongo, upande huo huwa wa choo, banda la kuku, kamba ya nguo, jalala na kijilango. Hakuna anayeuona isipokuwa mwenyewe. Nyumba hiyohiyo ikigeuzwa uso, barabara ya mtaa ikapita kati yake na miti, mambo hubadilika. Baraza linatazama msitu, watoto wanacheza mbele, mpita njia anaona lori la kifusi likisimama, na mwenye nyumba anaona aibu kuweka takataka mbele ya mlango wake. Barabara hiyo pia huzuia moto wa majani kuvuka, na siku msitu ukishika, gari la zimamoto lina pa kupita.

Nafasi ya kulipata hili ni wakati wa upimaji au urasimishaji wa makazi. Mtaa huitwa mkutanoni, mchoro hubandikwa ukutani, na watu wengi hutafuta kiwanja chao tu kisha wanaondoka. Baki. Tazama mstari wa mwisho wa mchoro. Kama viwanja vimechorwa hadi kwenye hifadhi, simama uombe barabara ya pembeni ichorwe kabla mchoro haujaidhinishwa, na uhakikishe ombi limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano. Wenye viwanja vya mwisho watapoteza hatua chache za ardhi na watalalamika, na wana haki ya kusikilizwa. Waelezwe kwamba kiwanja chenye barabara mbele huuzika kwa bei nzuri kuliko kile kinachoishia vichakani.

Pale ambapo nyumba zimeshajengwa kwa mgongo, fungeni vijilango. Kila kijilango huzaa kijia, kila kijia huingiza mwanga, mbwa, mbegu na mtu mwenye panga. Badala ya milango ishirini, mtaa ukubaliane na TFS juu ya lango moja linalojulikana, lenye bango na mtu wa kuliangalia. Watu wanaokwenda kutembea, kutafuta upepo au kuangalia ndege wapite hapo. Msitu usio na wageni halali huachiwa wageni wa aina nyingine.

Acha vichaka vyake

Wakazi wengi wakitaka kuupenda msitu huanza kwa kuusafisha. Wanafyeka vichaka vya chini, wanakata mitambaazi, wanafagia majani, pembe yote inakuwa nyeupe na miti imesimama kama nguzo. Kwa nia njema kabisa wameuvua msitu nguo. Ule msongamano wa vichaka pembeni ndio unaozuia upepo na jua visiingie ndani, ndio unaoficha miche, na ndimo sange na ndege wa chini wanamopita. Pembeni panapopendeza kwa msitu ni pale ambapo huwezi kuona ndani.

Najua hofu iliyopo: nyoka na vibaka. Hofu hizo ni za kweli na zina majibu. Fyeka upande wako. Acha mita tatu hivi za nyasi fupi ndani ya kiwanja chako, kati ya ukuta wa nyumba na mpaka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata mabaki ya chakula, mahindi yaliyomwagika na mayai ya banda la kuku lisilofungwa vizuri. Ukidhibiti hayo umepunguza nyoka kuliko ukifyeka ekari ya msitu. Kwa vibaka, barabara niliyoitaja na madirisha yanayoitazama vina msaada mkubwa kuliko panga.

Uzio wa mimea uchaguliwe kwa uangalifu. Lantana ina maua mazuri na hukua haraka, na kwa sababu hizohizo imekuwa janga: ndege hula matunda yake na kuzitema mbegu kila pahali, kisha huota kichaka kisichopenyeka. Mwarobaini nao, pamoja na heshima yake yote ya dawa, umeingia katika misitu ya pwani kwa kubebwa na ndege na popo. Upandeni mbali na mpaka. Kule Amani, Usambara Mashariki, mti wa Maesopsis eminii ulioletwa na watu ulienea ndani ya msitu wa asili hadi ukawa tatizo la kudumu, na ule ulikuwa mti wa Afrika hiihii. Kwa uzio wa mpakani napendelea mchongoma, wenye miiba ya kumzuia mbuzi na matunda ya kuliwa na watoto.

Kama lantana imeshaingia, msianze pale ilipojaa. Joan na Eileen Bradley, dada wawili wa Sydney, Australia, waliofanya kazi ya kurudisha vichaka vya asili karibu na kwao, walifundisha kinyume cha mazoea ya wengi: anza kwenye sehemu nzuri, palipo na magugu machache, kisha sogea polepole kuelekea palipoharibika, kwa kasi ambayo mimea ya asili yenyewe inaweza kuijaza nafasi. Wanaokimbilia kichaka kikubwa hufyeka siku nzima, wakaacha udongo mtupu, na mvua ikinyesha lantana hurudi mara mbili. Ng'oeni michanga kwa mikono wakati udongo umelowa, mizizi itoke yote. Mikubwa mwiteni mhifadhi, maana ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kung'oa chochote bila yeye kujua. Visiki vya miti ya asili viacheni, vingi huchipua vyenyewe, na mti unaochipua kwenye mzizi wa zamani hukua haraka kuliko mche wa kitaluni.

Taka, maji na moto

Majani ya bustani yanaonekana hayana dhambi kwa sababu ni majani. Lakini ndani yake mna vipande vya mimea ya mapambo inayoota popote inapoangukia, mbegu za nyasi, na magonjwa ya mimea. Chimba shimo la mboji ndani ya kiwanja chako, changanya majani na maganda ya jikoni, lifunike kwa udongo kidogo, na baada ya miezi michache una mbolea ya mchicha wako. Mabaki ya chakula yakiachwa wazi huita kunguru. Kunguru huyu wa mjini aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na leo anakula mayai na makinda ya ndege wa asili kila anakofika. Kila jalala la pembeni humsogeza karibu na viota.

Kwa taka zisizooza, shida halisi ni kwamba gari la taka haliji kwenye mitaa ya mwisho, au barabara ni mbovu kiasi kwamba linaishia katikati. Kumlaumu mama aliyetupa mfuko bondeni bila kushughulikia hilo ni kumwonea. Serikali ya mtaa imwambie mkandarasi aanzie kwenye kaya za mpakani, siku ijulikane, na kituo cha kukusanyia kiwekwe upande wa ndani wa mtaa, mbali na miti. Kituo kikiwekwa ukingoni, upepo wa siku mbili tu umemaliza kazi.

Maji hayazungumzwi vya kutosha. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linamwaga lita 2,000. Zidisha kwa nyumba hamsini za mtaa mmoja, zote zikielekeza maji mteremkoni kwenye udongo wa kichanga, utaelewa korongo linatoka wapi. Weka mfereji na tangi. Yanayozidi, yaingize kwenye shimo lenye kokoto ndani ya kiwanja yazame taratibu. Na kutapisha vyoo mvua zikija ni kosa dhidi ya msitu na dhidi ya kila jirani aliye chini yako.

Moto unahitaji ukali. Kati ya Juni na Oktoba majani ni makavu na upepo hauna adabu. Katika miezi hiyo mtaa upige marufuku uchomaji wa taka na majani kwenye mistari miwili ya mwisho ya nyumba, bila kuangalia uso wa mtu. Anayeandaa shamba jirani na hifadhi atoe taarifa kwanza, afyeke ukanda mpana kuzunguka, achome asubuhi mapema pasipo upepo, awe na watu na maji, na asiondoke mpaka jivu lipoe.

Kuni haziishi kwa bango

Nimeona mabango mengi ya "Usikate Miti" yaliyosimama katikati ya visiki. Mtu anayepikia kuni atapika leo jioni, bango liwepo lisiwepo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mitaa ya mpakani mwa misitu inapaswa kudai kuwa mbele kwenye foleni. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kumkopesha mwanachama mtungi mdogo na jiko lake, akarejesha kidogo kidogo. Shule na mama lishe ndio watumiaji wakubwa, kwa hiyo anzeni nao. Na mwenye nafasi kwenye kiwanja apande miti ya kuni ya kwake.

Mbali na kuni, mbwa wafungwe usiku na wachanjwe, mbuzi wafungiwe au wawe na mchungaji, taa za nje zielekezwe chini na zizimwe zisipohitajika, maana komba na popo wanaishi kwa giza.

Aliyekwisha kuvuka

Jirani yako amesogeza uzio hatua kumi ndani ya hifadhi. Usianze kwa kumpiga picha na kumsambaza kwenye makundi ya simu. Nenda na mjumbe, mkakae barazani, mwonyesheni bikoni. Wengi wanasogea kwa kuona mwenzao amesogea. Mpeni muda wa kuvuna kilichoiva na kuondoa uzio, na makubaliano yaandikwe. Akikataa, suala liende kwa mtendaji na TFS. Asiwepo wa kumbomolea kwa mkono wake. Na kipimo kiwe kimoja: ukimwondoa mama mwenye matuta ya mihogo ukamwachia mwenye ukuta wa tofali na geti la chuma, mtaa mzima utaelewa kwamba mpaka unauzwa, na kuanzia hapo hamtamzuia mtu.

Wanaodhani haya hayawezekani katika jiji kubwa wautazame Msitu wa Karura, Nairobi. Ulitangazwa hifadhi mwaka 1932 na una hekta 1,041, umezungukwa na Muthaiga, Gigiri na Runda, mitaa ambako ardhi ni ghali mno. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa wajenzi, na tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda mti langoni. Msitu uliokolewa. Lakini kilichoulinda baada ya hapo ni kazi ya kila siku. Sheria ya Misitu ya Kenya ya 2005 ilizipa jumuiya nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali. Chama cha Marafiki wa Karura kikaundwa, uzio ukajengwa, malango yakawa machache na yanayolindwa, na wakazi wa kijiji cha Huruma kilichopo ukingoni wakaingizwa katika ulinzi na kazi za msitu badala ya kufukuzwa. Watu waliokuwa wakiogopa kupita hapo sasa hulipa kiingilio ili watembee.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mtaa wenu ukiitisha kikao mwezi Agosti, mtapata muda wa kutembea mpaka, kupaka bikoni rangi, kukubaliana siku ya taka na kuchimba mashimo ya maji kabla tone la kwanza halijaanguka. Nenda leo kwa mwenyekiti wako umwombe tarehe.